TRANSFOMA HAINA MBELE WALA NYUMA

(Mazungumzo ya fundi mmoja wa laini mbele ya wanachama na wageni wao, Lamu. Yamepigwa chapa kwa faida ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Katibu aliponitaka nizungumze habari za transfoma alinipa nusu saa, akanionya nisiwachoshe kwa hesabu. Hesabu zangu ni chache, na kila moja ina kazi yake, kwa hivyo naomba mnivumilie.

Naona mafundi wa stima wamekaa mbele, lakini wengi wenu ni watu wa bandari, mabaharia, waashi, maseremala na wafanya kazi wa hoteli. Habari hii si ya mafundi peke yao. Iko ajali moja inayowaua mafundi wa laini, na anayeisababisha mara nyingi si fundi. Ni mtu aliye nyumbani kwake, amewasha jenereta yake, wala hana ubaya na mtu. Ili muelewe ajali hiyo hutokeaje, hapana budi kwanza muelewe lile tangi la chuma lililo juu ya nguzo linafanya kazi gani.

1. KWA NINI TUNA HAJA YA TRANSFOMA

Mpaka katikati ya miaka ya 2010 stima ya mji wa Lamu ilitoka katika mitambo ya dizeli, na kisiwani Pate, huko Faza, kulijengwa kituo cha dizeli vile vile. Kisha ukajengwa mstari mkubwa kutoka Rabai, karibu na Mombasa, kupitia Malindi na Garsen mpaka huku kwetu, safari ya zaidi ya kilometa 300. Mstari huo umejengwa kwa volti 220,000. Taa ya nyumbani yataka volti 240 tu. Labda mtauliza: kwa nini basi wasitumie volti 240 tangu huko Rabai, tukaepukana na hatari?

Jibu ni hili. Nguvu ya umeme ni volti mara ampia. Volti ni msukumo, na ampia ni wingi wa umeme unaopita katika waya. Tuseme mtaa wataka kilowati 100. Kwa volti 240 zitapita ampia kama 417. Kwa volti 11,000 zitapita ampia 9 tu, na kazi inayofanyika ni ile ile.

Sasa, kinachotia waya joto ni ampia. Tena joto hilo huzidi kwa ampia mara ampia. Ukipunguza ampia mara 46, joto linalopotea katika waya ule ule hupungua mara 46 kwa 46, yaani zaidi ya mara 2,000. Kwa hivyo umeme husafirishwa kwa volti nyingi na ampia chache, na ukifika mtaani hugeuzwa kuwa volti chache na ampia nyingi. Kazi ya kugeuza ndiyo kazi ya transfoma.

Mabaharia watanielewa upesi. Mkitaka kupandisha foromali nzito mnapitisha kamba katika kapi. Mkono unavuta kwa nguvu kidogo, lakini kamba inayovutwa ni ndefu. Kapi halikupi nguvu ya bure; linabadilisha tu. Transfoma nayo ni hivyo hivyo: unachoongeza katika volti unakilipa katika ampia.

Baadhi yenu mnaijua transfoma nyingine bila ya kuiita kwa jina hilo. Mashine ya kuchomea chuma, ile kubwa ya zamani, ni transfoma. Inachukua volti 240 na kuzishusha mpaka chini ya 100, na badala yake inakupa ampia 100 na zaidi za kuyeyushia chuma.

2. JINSI INAVYOFANYA KAZI

Tarehe 29 Agosti 1831, mjini London, Michael Faraday alichukua pete ya chuma, akaizungushia waya upande mmoja, na waya mwingine upande wa pili. Waya hizo hazikugusana. Waya wa kwanza akaufunga katika betri, na karibu na ule wa pili akaweka sindano kama ya dira. Alipounga betri, sindano ikacheza, kisha ikatulia. Betri ilikuwa ingali imeungwa, lakini sindano haikucheza tena. Alipoikata betri sindano ikacheza mara ya pili, safari hii upande mwingine.

Maana yake ni hii. Umeme ukipita katika waya uliozungushwa, chuma kilichomo ndani huwa sumaku. Lakini sumaku iliyotulia haitoi umeme katika waya wa pili. Umeme hutoka wakati sumaku inapobadilika, inapokua au inapokufa.

Stima ya nguzo zetu hubadilika wakati wote. Huenda mbele na kurudi nyuma mara 50 kila sekunde. Kwa hivyo sumaku iliyo ndani ya chuma cha transfoma hukua, hufa, hugeuka, na kukua tena, bila ya kupumzika. Kila inapokua chuma hurefuka kidogo mno, jicho haliwezi kuona, na hilo hutokea mara 100 kila sekunde. Ule mvumo mnaousikia mkipita chini ya nguzo usiku ni sauti ya chuma hicho.

Umeme wa betri za sola ni wa njia moja, haurudi nyuma. Ukiuunga moja kwa moja katika transfoma hutapata kitu upande wa pili, na waya utaungua. Ndiyo sababu wenye sola hutumia inveta, chombo kinachogeuza umeme wa njia moja uwe wa kwenda na kurudi. Neno hilo la inveta liwekeni akilini, nitalirudia.

Na volti hupungua au huzidi kwa hesabu gani? Kwa hesabu ya mizunguko ya waya. Upande mmoja ukiwa na mizunguko 46 kwa kila mzunguko mmoja wa upande wa pili, basi volti 11,000 zitatoka kama 240. Kama laini ni ya volti 33,000, mizunguko ni kama 138 kwa mmoja.

3. JINSI INAVYOUNDWA

Mwaka 1885 wahandisi watatu wa Budapest, Károly Zipernowsky, Ottó Bláthy na Miksa Déri, walitengeneza transfoma yenye chuma kilichofungana pande zote, na umbo hilo ndilo mama wa zile tunazozitumia. Katika Afrika Mashariki zinaundwa pia. Kiwanda cha TANELEC cha Arusha hutengeneza transfoma za mitaani.

Kazi huanza kwa chuma. Hakitumiki chuma kizima, kwa sababu sumaku inayogeuka ingezusha umeme ndani ya chuma chenyewe, kikachemka bure. Hutumika mabati membamba, unene wake kama theluthi moja ya milimita, kila bati limepakwa ngozi ya kuzuia umeme usipite kwenda bati la pili. Hukatwa na kupangwa moja juu ya jingine kama kurasa za msahafu, mpaka yakawa nguzo nene. Maungio yake hukatwa kwa mshazari na kupishanishwa, kama seremala anavyounga mbao za jahazi, ili sumaku isipate mwanya.

Kisha huja waya. Karibu na chuma huwekwa waya wa volti chache, wa shaba au alumini, mnene kwa sababu utapitisha ampia nyingi. Nje yake huzungushwa waya wa volti nyingi, mwembamba na mrefu. Kati ya tabaka na tabaka hutiwa karatasi maalumu, na kati ya waya mbili hizo hutiwa kadibodi ngumu. Volti 11,000 na volti 240 hutenganishwa na vitu hivyo, karatasi na mafuta.

Karatasi hunywa unyevu wa hewa. Kwa hivyo kitu chote huingizwa katika tanuri kikaushwe vizuri, ndipo kitiwe katika tangi na kumiminiwa mafuta. Mafuta hayo yana kazi mbili: kuzuia umeme, na kuchukua joto kutoka katika waya kulipeleka kwenye mbavu za tangi, ambako upepo hulipoza. Juu ya tangi hutokeza vikombe vya kauri. Vile virefu ni vya volti nyingi, vifupi ni vya volti chache.

Ndani hakuna gurudumu wala pistoni, hakuna kinachosagika. Katika kila sehemu 100 za nguvu zinazoingia, 98 au zaidi hutoka. Ikitunzwa, transfoma huweza kufanya kazi miaka 30 na zaidi.

4. MAADUI WAKE HAPA PWANI

Adui wa kwanza ni joto. Mtaa ukiongeza mafriji na mashine bila ya transfoma kubadilishwa, mafuta huchemka, karatasi hukauka na kuwa kama jani la mnazi lililokaa juani. Siku moja itavunjika.

Adui wa pili ni maji. Mafuta yakiingiwa na unyevu kidogo tu, uwezo wake wa kuzuia umeme hupungua sana.

Adui wa tatu tunamjua kuliko watu wa bara, naye ni chumvi. Upepo wa bahari hupaka chumvi juu ya vikombe vya kauri. Mchana chumvi kavu haina neno. Usiku umande ukianguka, chumvi huyeyuka, na umeme hutambaa juu ya kauri kama maji juu ya ukuta. Mkiona cheche za rangi ya buluu juu ya nguzo alfajiri, ndiyo hiyo. Chumvi hiyo hiyo hula maungio ya tangi mpaka mafuta yakavuja.

Na mafuta yakivuja, ndugu zangu, msiyakinge. Nchini Kenya magazeti yameripoti mara nyingi habari za mafuta ya transfoma kuibwa na kuuzwa ya kukaangia. Si mafuta ya kula. Transfoma za zamani ziliweza kuwa na sumu iitwayo PCB, ambayo moto wa jikoni hauimalizi, na ambayo mataifa yalikubaliana kuipiga marufuku katika Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001. Kwa macho huwezi kujua mafuta yapi yanayo na yapi hayana. Fundi naye avae glavu, na asilifanye tambara la mafuta kuwa la kufutia uso.

5. HAINA MBELE WALA NYUMA

Sasa nafika kwenye jambo nililojia.

Mtu akitazama transfoma hudhani kuna mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Kwa kawaida ni hivyo, kwa sababu umeme watoka kituoni. Lakini transfoma yenyewe haijui kituo kiko wapi. Inajua mizunguko tu. Ukiipa volti 11,000 upande wa waya mwembamba, itakupa 240 upande wa pili. Na ukiipa volti 240 upande wa waya mnene, itakupa 11,000 juu ya laini. Kumbukeni kapi. Foromali ikianguka, kamba hurudi mbio mkononi mwa baharia.

Stima ikikatika visiwani watu hufanya nini? Huwasha jenereta. Ndugu zetu wa Unguja walikosa umeme wa bara karibu mwezi mzima mwaka 2008, na tena miezi mitatu tangu Desemba 2009 mpaka Machi 2010, na wenye uwezo waliendesha kazi zao kwa jenereta. Sisi wa Lamu hatuhitaji kufundishwa sauti ya jenereta.

Jenereta yenyewe haina makosa. Makosa ni jinsi inavyoungwa. Wako watu wanaotengeneza waya wenye plagi pande zote mbili, upande mmoja katika jenereta na upande wa pili katika tundu la ukutani, na nyumba nzima ikawaka. Kama swichi kubwa ya nyumba haikuzimwa, umeme huo hauishii nyumbani. Unapita katika mita, unapanda nguzo, unaingia katika transfoma kwa mlango wa nyuma, na kutoka juu ya laini ukiwa volti 11,000. Na juu ya laini yuko fundi, ameambiwa stima imezimwa.

Mwenye jenereta atasema: yangu ni ndogo, kilowati mbili tu, itawezaje kubeba mtaa mzima? Kweli, mara nyingi mzigo wa majirani huizima mara moja. Lakini ikiwa nguzo imeanguka karibu, au fundi amekwisha kata fyuzi za laini, au majirani wamezima swichi zao, mzigo hauko, na jenereta itaendelea kunguruma. Na hesabu yangu ya mwisho ni hii: kilowati 2 kwa volti 11,000 ni ampia 0.18. Ni kidogo sana, haiwashi hata taa ya gari. Lakini ampia 0.1 ikipita katika kifua yatosha kuusimamisha moyo wa mtu.

Nimeyaona kwa macho yangu. Miaka mingi iliyopita, baada ya upepo mkali, tulitumwa kuunga laini iliyokatika. Kituo kilikuwa kimezimwa na karatasi ya ruhusa ilikuwa mkononi. Mwenzangu alikwisha vaa mkanda na kupanda. Alipoinua kijiti cha kupimia, kikalia. Alidhani kimeharibika, akakijaribu tena, kikalia tena. Akashuka, amenyamaza kimya. Tulizunguka mtaa tukisikiliza jenereta, tukaikuta nyuma ya duka moja. Mwenye duka alikuwa akiokoa samaki waliokuwa katika friji. Tulipomweleza alikaa chini, akashika kichwa. Hakuwa mtu mbaya. Hakuna aliyewahi kumwambia.

Nami nawaambieni nyinyi, ili asiwepo wa kusema hakuambiwa.

6. LA KUFANYA

Kwanza, kwa wenye jenereta na wenye sola. Mtakeni fundi mwenye leseni awatilie swichi ya kubadilishia, ile ambayo ikishika jenereta lazima iachie laini, wala haiwezi kushika zote mbili. Asiye na swichi hiyo asiunge jenereta katika ukuta hata kidogo. Friji na iungwe moja kwa moja katika jenereta kwa waya wake. Waya wenye plagi pande mbili ukateni leo. Na inveta ya sola ni hivyo hivyo: isiyo na kinga ya kujizima laini ikifa, ni jenereta isiyopiga kelele, na fundi hawezi hata kuisikia.

Pili, kwa mafundi. Mambo ni matano, na mpango wake haubadiliki. Kata. Funga kwa kufuli na utie kibao. Pima kwa kifaa, wala si kwa kubahatisha. Tia waya wa ardhi pande zote mbili za mahali pa kazi, waya zote zifungwe pamoja. Ndipo ufanye kazi. Kwenye transfoma usikate upande wa juu tu. Kata na upande wa chini, kwa sababu mmekwisha ona mlango wa nyuma uko huko. Waya wa ardhi ukiwa umefungwa vizuri, jenereta ya mtu ikijaribu kuingia itajikuta imefunga njia na kuzimika, na wewe utasalimika.

Tatu, kwa chama chetu. Fundi hawezi kutia waya wa ardhi ambao hakupewa. Kijiti cha kupimia kilichoharibika ni kibaya kuliko kutokuwa nacho, maana kinakupa moyo wa uongo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mfanya kazi amjulishe msimamizi wake akiona hatari kubwa, na inamkataza mwajiri kumrudisha mahali hapo kabla hatari haijaondolewa. Tena inakataza mtu kufukuzwa kwa sababu tu amelalamika juu ya jambo lisilo salama. Kwa hivyo kijana akiambiwa, "Panda upesi, watu wanangoja taa," naye hajaona waya wa ardhi, ana haki ya kubaki chini. Sisi wengine kazi yetu ni kusimama naye, tusimcheke kwamba ni mwoga.

Naomba tawi hili lifanye mambo mawili kabla ya mkutano ujao. Liandikwe daftari la vifaa vya kupimia na waya za ardhi vilivyopo na vilivyo vizima, tujue tunadai nini. Na kila mwanachama apite kwa majirani zake watano, awaulize jenereta yao imeungwaje. Si lazima awe fundi. Aeleze habari ya mlango wa nyuma kama nilivyoeleza mimi.

Watu husema ajali haina kinga. Ajali hii inayo. Ni swichi moja nyumbani, na waya mmoja wa ardhi juu ya nguzo.

Ndugu Mwenyekiti, nusu saa yangu imekwisha. Mwenye swali na aulize.